"Askari Wetu": Rangi na Ishara katika Picha za Vita

Picha ya vita hupata wasomaji wengi kuliko kitabu cha vita. Kitabu chataka mtu aliyekwenda shule, chataka nafasi ya kukaa na taa ya kusomea. Picha yataka jicho tu. Kwa hiyo madola yaliyopigana katika vita vikuu viwili vya karne ya ishirini yaliajiri wachoraji kama yalivyoajiri mafundi wa bunduki. Kazi ya mchoraji ilikuwa kumfanya raia amchukie mtu ambaye hajapata kumwona, na awe tayari kumfuata jemadari ambaye hatamwona kamwe. Njia nyepesi kuliko zote ya kuifanya kazi hiyo ilikuwa rangi ya mwili na umbo la uso. Adui alipunguzwa akawa pua, meno, au ngozi. Na rafiki naye, asipokuwa Mzungu, alipunguzwa vivyo hivyo, ijapokuwa yeye alipewa tabasamu.

Wataalamu wa ng'ambo wamekwisha kuzichambua picha hizo kwa mapana. Mmarekani John Dower, katika kitabu alichokitoa mwaka 1986, alionyesha jinsi Wamarekani na Wajapani walivyochorana wakati wa vita vya Pasifiki: hao wa kwanza waliwafanya wenzao nyani na wadudu, na hao wa pili waliwafanya wenzao mashetani. Walakini uchambuzi wa namna hiyo una watu wawili tu ndani yake, yaani mchoraji na mchorwa. Mahali kama Kariakoo palikuwa na mtu wa tatu. Huyo ni msomaji aliyetakiwa amcheke adui, huku akijua kwamba kalamu ile ile imekwisha kumchora yeye. Msomaji huyo astahili kuchunguzwa katika Kiswahili, kwa kuwa aliitwa kwa Kiswahili.

Kariakoo yenyewe ni neno la vita. Wajerumani walikuwa wamejenga hapo jengo lililokusudiwa kuwa soko. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, mahali hapo palifanywa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Mdomo wa Kiswahili uliyasaga maneno hayo mawili ukayafanya moja, na soko lilipofunguliwa mwaka 1923 jina lilikuwa limekwisha kuota mizizi. Wanahistoria hukadiria kwamba watu waliochukuliwa na Waingereza kubeba mizigo katika vita hivyo vya Afrika ya Mashariki walikaribia milioni moja, na kwamba waliokufa, wengi wao kwa maradhi na njaa, walikuwa karibu 100,000. Mtu apitaye Mtaa wa Msimbazi akasema anakwenda Kariakoo hutaja jeshi hilo bila kulikusudia.

Mwendo mfupi kutoka sokoni, katikati ya mji, ipo Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson. Maandishi yake yalitungwa na Rudyard Kipling, nayo yamechongwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawataja askari, na yanawataja wapagazi kwa kuwafananisha na miguu na mikono ya jeshi. Kisha yatoa ahadi kwamba wana wa waliokufa watayakumbuka majina ya baba zao. Mhakiki hana budi kuyapima maneno hayo pamoja na umbo lenyewe. Juu kabisa asimama askari peke yake, bunduki na singe mkononi. Mpagazi hakupewa nafasi ya kusimama naye, tofauti na sanamu ya Nairobi ya mwaka 1928 ambayo ina mpagazi miongoni mwa watu wake. Ishara ya miguu na mikono ina heshima ndani yake, lakini ina kasoro pia: miguu na mikono haina uso, wala haina jina. Na majina yale yaliyoahidiwa kukumbukwa hayakuandikwa hata moja. Kikosi kimebaki katika jina la mtaa. Watu wake hawamo katika maandishi wala hawamo kileleni.

Kwa kuzisoma ishara za namna hii, watu wa mtaa walikuwa na chombo chao wenyewe kabla ya uhakiki wa vyuo. Chombo hicho ni kanga. Kanga ni picha yenye maneno; ina pindo, ina mji, na tangu zamani ina jina, ambalo kwanza liliandikwa kwa harufu za Kiarabu na baadaye kwa harufu za Kirumi. Mnunuzi ajuaye mambo hapendezwi na ua peke yake. Huuliza jina, kwa maana jina ndilo litakalosema. Na akiisha kuivaa, jirani hutazama nani ameivaa, amepita mlango wa nani, na siku gani. Maneno yale yale yaweza kuwa shukrani kwa mtu mmoja na kijembe kwa mwingine. Basi kuna maswali matatu ambayo kila mwanamke wa Kariakoo huyajua: maneno yasema nini, ni nani ayasemaye, na ni nani aambiwaye. Picha ya vita ina muundo kama huo wa umbo na maneno, nayo yaweza kupimwa kwa maswali hayo hayo.

Mfano wa kwanza ulisimama papa hapa mjini. Mwaka 1909 Wajerumani walimwekea sanamu Hermann von Wissmann, ambaye majeshi yake yaliwashinda wenyeji wa pwani waliopigana chini ya Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Wissmann alichongwa amesimama juu. Chini yake alichongwa askari Mwafrika akimtazama bwana wake kwa kuinua macho, na akiitandaza bendera ya Kijerumani juu ya simba aliyekufa. Tafsiri yake haihitaji mwalimu: simba ni nchi, bendera ni dola, na Mwafrika ni mtumishi aliyeifunika nchi yake mwenyewe kwa bendera ya mwingine. Waingereza waliiondoa sanamu hiyo baada ya kuutwaa mji, ikafika Hamburg, ambako ilisimamishwa mbele ya chuo kikuu mpaka wanafunzi walipoiangusha kabisa mwaka 1968.

Katika sanamu hiyo ulizaliwa mfano wa "askari mwaminifu". Neno askari katika Kiswahili halina rangi. Mwanajeshi wa taifa lolote ni askari, na polisi wa kona ya mtaa ni askari pia. Lilipoingizwa katika Kijerumani na Kiingereza lilibanwa likawa na maana ya mwanajeshi Mwafrika tu, tena yule aliye chini ya afisa Mzungu. Hivyo hata kabla mchoraji hajashika kalamu, neno lilikuwa limekwisha kuchora. Katika miaka ya 1930, chini ya utawala wa Hitler, mchongaji Walter von Ruckteschell, ambaye alipigana Afrika ya Mashariki chini ya Lettow-Vorbeck, alichonga mjini Hamburg picha za ukutani za askari wakifuata nyuma ya afisa wa Kijerumani. Nyuso zao hazina dhihaka. Zimechongwa kwa staha, na miili yao ina nguvu. Lakini staha hiyo ina sharti moja: kwamba mtu huyo afuate.

Sharti hilo laonekana wazi mtu akitazama Wajerumani hao walivyomchora Mwafrika aliyebeba bunduki upande wa pili. Baada ya vita vya 1914 mpaka 1918, Wafaransa walipeleka katika nchi ya mto Rhine askari waliotoka makoloni yao ya Afrika. Ndipo ilipoanza, hasa tangu mwaka 1920, propaganda kali iliyoita jambo hilo aibu nyeusi. Magazeti na matangazo yalimchora askari huyo kama jitu lenye midomo mikubwa, nusu mtu na nusu sokwe, likiwanyemelea wanawake wa Kijerumani. Mchongaji wa medali Karl Goetz alitoa mwaka huo huo medali ya shaba yenye uso wa Mwafrika uliopotolewa namna hiyo chini ya kofia ya chuma. Picha hizo hazikuishia katika karatasi na shaba. Watoto waliozaliwa na askari hao na mama wa Kijerumani waliandikwa katika madaftari, na mwaka 1937 serikali ya Hitler iliwafanyia kwa siri upasuaji wa kuwanyima uzazi. Walijulikana kuwa watoto wasiopungua 385. Kisu cha tabibu kilifuata mstari uliokuwa umekwisha kuchorwa na kalamu.

Tofauti ya picha hizi mbili ndiyo maana nzima ya jambo hili. Taifa ni moja, zama ni zile zile, na ngozi iliyochorwa ni ile ile. Hapa Mwafrika ni mwaminifu mwenye staha. Pale ni mnyama mwenye njaa. Kama rangi ingekuwa kweli habari ya mtu, isingegeuka kwa kuvuka bahari. Katika picha ya vita, basi, rangi haielezi mtu alivyo. Yaeleza bunduki yake iko upande gani, na ni nani aliyempa. Anayedhani kwamba picha ya kusifu ni kinyume cha picha ya kutukana hajaona kwamba zote mbili hukatwa katika kitambaa kimoja. Aliyevishwa sifa kwa rangi yake aweza kuvuliwa sifa hiyo kwa rangi iyo hiyo.

Haya si maneno ya nadharia tu, kwa kuwa yuko mtu wa Dar es Salaam aliyeyalipia kwa maisha yake. Bayume Mohamed Hussein, ambaye jina lake la kwanza lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed, alizaliwa katika mji huu mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, naye mwenyewe aliingia jeshini akiwa mtoto katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Ujerumani na kudai mshahara wa baba yake na wake mwenyewe ambao haukuwa umelipwa. Dai hilo lilikataliwa. Alikaa Berlin, akafanya kazi ya kuhudumu mezani, akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni, akaoa, akazaa. Katika mikutano ya watu waliotaka makoloni yarudishwe alivaa sare ya askari; katika filamu alipewa sehemu za mtumishi na mfuasi, na ya mwisho ilikuwa filamu ya mwaka 1941 iliyomsifu Carl Peters. Kwa ufupi, alikuwa ndiye picha ya askari mwaminifu, mwenye kutembea na kusema. Mwaka huo huo alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mzungu, jambo lililohesabiwa kuwa ni kuichafua damu. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944.

Kisa cha mtu huyu chaonyesha kikomo cha picha ya kusifu. Dola ilimtaka katika fremu na haikumtaka nje yake. Alipokuwa amesimama na bendera alikuwa mwaminifu. Alipokuwa mtu mwenye mke, mwenye madai ya mshahara, mwenye kupenda na kupendwa, akawa uchafu. Wengine huweza kusema kwamba alikosea kuamini. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Mtu aliyekuwa na mlango mmoja tu wa kupitia aliupitia, na lawama ni ya aliyeujenga mlango kwa kipimo cha sanamu badala ya kipimo cha mtu.

Mwezi ule aliokufa Hussein, maelfu ya Waafrika ya Mashariki walikuwa katika misitu ya Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru, ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 ikiwafukuza Wajapani mpaka mto wa Chindwin. Tanganyika peke yake ilitoa zaidi ya watu 80,000 katika Vita Vikuu vya Pili. Kwa ajili ya wasomaji wa nchi hizi Wizara ya Habari ya Uingereza ilitoa tangazo la picha lenye maneno manne ya Kiswahili: "Askari wetu washinda Wajapani". Tangazo hilo lastahili kusomwa polepole, kama isomwavyo kanga.

Mtu akilitazama kwanza atakubali kwamba limepiga hatua. Mwafrika ndiye mshindi, wala hakuwekwa chini ya miguu ya mtu. Maneno ni Kiswahili sanifu, Kiswahili kile kilichojengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa na Kamati ya Lugha tangu mwaka 1930. Jambo hilo si dogo. Tangu mwaka 1915 Wafaransa walikuwa wakitangaza unga wao wa Banania kwa picha ya askari wa Senegal mwenye kucheka, aliyetiwa kinywani Kifaransa kibovu ili asomaye apate kucheka naye pia. Léopold Sédar Senghor, katika diwani yake ya mwaka 1948, alitamani kuuchana mcheko huo katika kuta zote za Ufaransa. Askari wa tangazo la Kiswahili hachekeshi, na lugha yake haikuvunjwa.

Lakini swali la pili la kanga halijajibiwa: ni nani asemaye? Mzigo wote umo katika neno "wetu". Kiswahili hakina namna ya kuonyesha katika neno hilo kama anayeambiwa yumo ndani ya "sisi" ama yuko nje. Basi "askari wetu" yaweza kuwa askari wa msomaji, yaani ndugu na wana wa Kariakoo. Yaweza pia kuwa askari wa mwenye tangazo, yaani Dola ya Kiingereza, kama mtu asemavyo ng'ombe wetu. Tangazo laishi kwa kutofafanua. Msomaji alialikwa katika neno "wetu" siku ya ushindi, mwaka ambao hakuwa na kura, wala hakuwa na neno katika bei ya pamba yake. Ukarimu huo wa kisarufi haukumgharimu mwandishi kitu.

Kitenzi nacho kina siri yake. Tangazo halikusema "walishinda", ambayo ingetaka mahali na siku. Wala halikusema "wameshinda", ambayo ingeruhusu watu kurudi nyumbani. Lilisema "washinda", wakati usio na mwanzo wala mwisho, na katika wakati huo askari hapati kupumzika. Na neno la mwisho, "Wajapani", halikutaja jeshi la Japani wala serikali yake. Limetaja watu wote, pamoja na wakulima na watoto wao.

Hapo msomaji wa Kariakoo alikuwa na elimu ambayo mchoraji hakuihesabu. Yeye alikuwa akimjua Mjapani tangu miaka ya kabla ya vita. Katika miaka ya 1930 nguo za bei nafuu kutoka Japani zilijaa katika maduka ya Afrika ya Mashariki, na baadhi ya kanga zenyewe zilipigwa chapa huko. Watu maskini walisitiri miili yao kwa kazi ya mikono hiyo. Kisha vikaja vita, nguo zikaadimika, na aliyekuwa fundi wa kanga akarudi katika picha kama mnyama. Huko Uingereza, David Low, mchoraji mashuhuri kuliko wote wa zama zake, mwaka 1941 alimchora Mjapani kama tumbili aning'iniaye mtini na kisu, akitafuta mgongo wa kuchoma. Huko Marekani wachoraji walimpa meno yaliyotokeza na miwani ya duara, mpaka uso mmoja ukatumika kwa watu milioni sabini.

Ubaya wa ishara hiyo ya tumbili waonekana zaidi mtu akikumbuka kwamba propaganda ya Waingereza katika Afrika ilikuwa na hoja nyingine kubwa. Iliwaambia Waafrika, na kwa haki, kwamba Hitler katika kitabu chake alikuwa amewaita nusu nyani, na kwamba akishinda watakuwa watumwa wake. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli na ilifaa kusemwa. Lakini dola moja haiwezi kumlaumu adui kwa kumfanya mtu mmoja nyani, huku ikimfanya mtu mwingine nyani kwa mkono wake wa kushoto. Nyani haoni kundule. Ikiwa kosa la Hitler lilikuwa kuwatoa watu fulani katika ubinadamu, basi kosa hilo halipungui kwa kubadilisha watu watakaotolewa.

Huenda mtetezi wa picha hizo akajibu kwamba vita si darasa la adabu. Adui alikuwa mkatili kweli. Majeshi ya Japani yalitenda unyama katika China, na kambi za Hitler zilikuwa unyama usio na mfano. Tena sanaa ya kikaragosi ni sanaa ya kuzidisha. Mchoraji akikatazwa kuzidisha amekatazwa kazi. Jibu hili lina ukweli ndani yake na lisitupwe. Kuzidisha si kosa. Kosa limo katika kitu kinachozidishwa. Kuna mchoraji azidishaye kitendo, akamfanya mlafi awe na tumbo na mwongo awe na ulimi mrefu. Huyo amemhukumu mtu kwa alilochagua. Kuna mwingine azidishaye kuzaliwa, akamhukumu mtu kwa jicho, pua na ngozi aliyopewa na Mungu. Kikaragosi cha kwanza chaweza kukosolewa na aliyechorwa, kwa kuacha ulafi wake. Cha pili hakina toba. Mchorwa hawezi kuiacha pua yake. Ndiyo sababu cha pili hakikomi vita vikikoma.

Wala si kweli kwamba watu wa mji huu walijua kuchorwa tu bila kuchora. Tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa, ngoma ya beni ilienea kutoka pwani ya Kenya, ikaingia Dar es Salaam, na vita vya kwanza vikaisambaza kwa miguu ya askari na wapagazi mpaka bara. Terence Ranger aliiandikia historia yake mwaka 1975. Vyama vya Marini na Arinoti vilikuwa na wafalme wao, majenerali wao, sare zao na gwaride lao. Mtumishi wa mchana alikuwa jemadari wa jioni. Wako waliosema kwamba beni ilikuwa kumwiga Mzungu tu. Aliyesema hivyo hakuuliza swali la kanga. Kuvaa cheo cha mtu na kukicheza katika ngoma ni kuonyesha kwamba cheo ni vazi, na vazi humkaa yeyote alivaaye. Beni ilizidisha amri, mwendo na majivuno, yaani mambo ya kutenda. Kwa hiyo, katika mizani iliyowekwa hapo juu, wacheza ngoma wa mji waliifahamu sanaa ya kikaragosi kuliko wengi wa waliolipwa mshahara na wizara.

Hata hivyo uhakiki utakaoishia kwa kuwalaumu Wajerumani na Waingereza utakuwa umefanya nusu ya kazi. Mizani ni mizani kwa sababu hupima na mali ya mwenyewe. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Tanzania iliingia katika mapambano yaliyoitwa vita vya kumwondoa mnyonyaji. Katika magazeti ya miaka hiyo mnyonyaji alichorwa na kuimbwa kama kupe, kama kitambi, kama mtu mwenye mrija. Ishara hizo zilihukumu kitendo, nazo ziliwafikia watu. Lakini mara nyingine mrija uliwekwa katika kinywa kilichotambulishwa kwa mavazi ama kwa jina kuwa cha Mhindi mwenye duka. Na Kariakoo, ambako Mwafrika na Mhindi waliuza na kununua ukuta kwa ukuta, picha hiyo haikuwa ya ng'ambo. Aliyechorwa alikuwa jirani. Mwalimu Nyerere aliiona hatari hiyo mapema. Mwezi wa Februari 1967, siku chache tu baada ya Azimio, aliandika katika gazeti la The Nationalist kuonya kwamba ujamaa na ubaguzi wa rangi haviwezi kukaa pamoja, na kwamba kuwagawa watu wema na wabaya kwa kabila au ngozi ni njia ya ufashisti. Onyo hilo lilitoka kwa kiongozi aliyekuwa upande wa wapiganaji, na uzito wake ni huo.

Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilileta jaribio jingine. Adui safari hii alikuwa Mwafrika, basi rangi haikuwa na kazi. Redio na magazeti yalimwita Idi Amin nduli. Neno hilo ni kali, lakini lamhukumu muuaji kwa kuua, halikumtaja Mganda. Tofauti kati ya neno lililomlenga Amin na neno ambalo lingewalenga Waganda wote ni ile ile iliyokosekana katika tangazo la Burma, lililotaja Wajapani pasipo kubagua mtawala na mtawaliwa. Tofauti hiyo haikuzuia ushindi, kwa maana Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979.

Basi mwanafunzi atakayeketi mbele ya picha ya vita, ya zamani au ya leo, asitosheke na kuuliza kama imechorwa vizuri, wala kama upande wake ulikuwa wa haki. Picha mbovu imepata kutumikia haki, na picha nzuri imepata kutumikia udhalimu. Na aulize kwanza ni nani asemaye "wetu", na kama neno hilo litadumu siku ya kugawana mavuno kama lilivyokuwako siku ya kugawana risasi. Aulize kama adui amehukumiwa kwa tendo alilochagua ama kwa uso aliozaliwa nao. Na mwisho aulize nani hakuchorwa kabisa. Swali hili la mwisho ni gumu kuliko yote, kwa kuwa jicho hufuata kilichopo. Katika mji wa Dar es Salaam jibu lake limo katika kinywa cha kila kondakta wa daladala anadiye safari za Kariakoo: watu waliobeba jeshi lote mabegani mwao, ambao hakuna dola iliyoona haja ya kuwachora kwa chuki wala kwa sifa.